Gharama ya Dole la Marehemu

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia maandazi kabla hujalisoma, sikulaumu. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi, na maandazi yalikuwa matamu. Ngoja nikurudishe mahali tulipo, halafu tukae.

Mimi ni Agripina, mjane wa Filipo, wa Ihanja. Arobaini ya mume wangu ilipopita, mdogo wake Lazaro alikuja na karatasi ya mauziano. Ilisema Filipo, kabla hajafa, alimuuzia shamba la ekari tano la kando ya barabara kwa milioni mbili. Shamba lile lile tulimomzika.

Chini ya karatasi kulikuwa na dole gumba. Mbele ya Baraza la Ardhi Lazaro akakiri kwamba hakumwona Filipo akilibonyeza. Akasema pesa na karatasi alimkabidhi binti yangu Evodia kwenye mlango wa wodi, naye akaingia navyo, karatasi ikatoka na dole. Evodia akashika Biblia, akaapa kwamba hakupewa karatasi wala shilingi.

Nikamleta mtaalamu wa alama za vidole, Bwana Noel, polisi mstaafu kutoka Dodoma. Akalinganisha dole lile na dole la Filipo lililokuwa kwenye kitabu cha chama chetu cha alizeti. Akasema watu wote wakisikia: "Hili si la marehemu. Hili lina kovu limelikata mshazari. Marehemu hakuwa na kovu."

Nikashinda. Shamba likawa langu, na Lazaro akaamriwa anilipe gharama za shauri. Nikapiga vigelegele mpaka askari akaniomba nikamalizie nje.

Wiki sita nimekuwa nikimwita Lazaro fisi humu gazetini. Mmecheka, na mimi nimecheka. Leo mtaona nilikuwa namcheka nani.

Sikuwaambia jambo moja. Ushindi ule niliununua kwa mkopo.

Bwana Noel hakuja bure. Nauli za mashahidi hazikuwa bure. Nilikwenda kwa Klara, mama anayenunua alizeti na kukopesha watu, akanipa milioni moja na nusu. Dhamana ikawa shamba lenyewe.

Hukumu ilipotoka tu, Klara alikuwa wa kwanza kufika kunipongeza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeleta soda?"

"Nimeleta kalenda. Mwezi wa nane mwishoni, bibi. Usipolipa, msimu ujao nalima mimi."

"Na kaburi?"

"Nitalizunguka," akasema. "Trekta langu lina adabu."

Basi mjue nilikuwa nimesimama wapi. Lazaro asiponilipa gharama zile, shamba nililolipokonya mdomoni mwake linaingia mdomoni mwa Klara, na Filipo wangu analala katikati ya alizeti za watu.

Nikapanda gari mpaka Singida mjini, nikaenda kwenye dirisha la karani wa Baraza, binti anaitwa Jesca.

"Bibi, umeshinda, hongera," akaniambia. "Lakini pesa haiji kwa kushinda. Andika mchanganuo wa gharama zako zote, ulete ndani ya siku sitini. Kila gharama na risiti yake."

"Na kuku pia?"

"Kuku gani?"

"Mtaalamu alikuja mara nne, maana shauri liliahirishwa mara tatu. Alikuwa analala kwa jirani yangu, anakula kwangu. Kwetu mgeni wa maana hali mchicha. Nimechinja kuku sita. Wa saba aliondoka naye mzima, amefungwa miguu."

Jesca akauma kalamu asicheke. "Bibi, hao kuku ni gharama za shauri au sherehe?"

"Ulitaka asome vidole na njaa?"

"Bila risiti hawahesabiki."

"Basi nitamletea Mwenyekiti manyoya."

Hapo alicheka mpaka mtu wa dirisha la pili akachungulia. Alipofuta machozi akauliza, "Na ujira wake je? Risiti ipo?"

"Laki nane, mkononi, kwenye kitambaa. Mgeni amekula ugali wako, utamdai karatasi?"

"Basi itabidi aje mwenyewe athibitishe. Hao wengine, wa usafiri, malazi na chakula, kila mmoja akuandikie kwamba amepokea. Asiyejua kuandika aweke dole gumba."

Nikarudi Ihanja nikiwa na furaha. Watu niliowalipa ni tisa, wote nawajua, na jumla yao ni laki saba. Laki saba na laki nane ni deni la Klara lilivyo, bila kupungua hata shilingi. Nikasema Mungu naye alisoma hesabu.

Nilianza na Yasinta, jirani aliyemlaza mtaalamu.

"Pesa yako nilipokea, dada Agripina, na nilishaila," akasema. "Lakini dole langu silitoi."

"Kwa nini?"

"Si nilikuwepo siku ile? Bwana Noel alilitazama dole kwenye karatasi, dole likaanza kuongea. Likasema lina kovu, likasema si la fulani. Langu likifika kule likaongea mambo mengine?"

"Mambo gani hayo?"

"Hayo ni yangu na dole langu."

Nikaenda kwa mwenye gari. Akaniambia atanipa nauli ya bure mwaka mzima, dole hapana. Muuza kuku akaficha mikono kwapani kabla sijamaliza salamu. Mwingine akasema mkewe amemkataza. Mkewe akasema ni mume ndiye aliyemkataza yeye.

Tisa wote. Kabla ya shauri langu, Ihanja yote ilikuwa inabonyeza dole popote: pembejeo, chandarua, michango ya shule. Bwana Noel alipokwisha kuongea, kijiji kizima kilikunja ngumi. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, kwa pesa ya mkopo.

Sasa sikilizeni ungamo langu, na mchungaji asome pia, maana ana haki ya kujua kikopo chake cha wino wa muhuri kilikwenda wapi.

Nilikiazima kwake. Nikasema nataka kupigia chapa magunia.

Ilikuwa mchana. Evodia, binti yangu huyo, alikuja kunisaidia kupepeta alizeti. Ameolewa hapo hapo kijijini, na ndiye mtoto pekee aliyebaki kwangu. Nilikuwa nimeshaandika karatasi tisa, kila moja na jina lake. Nyingine kwa kalamu ya bluu, nyingine nyeusi, mbili kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ulewe kidogo. Niliishia darasa la saba, lakini kwa mwandiko nilikuwa wa kwanza.

Kilichobaki ni madole.

"Weka la kwako, mama," Evodia akasema.

"Langu liko kwenye faili. Bwana Noel alituchukua alama mimi na baba yako mdogo siku ya kwanza. Mama yako si mjinga kiasi hicho."

"Basi tuache."

"Tuache, Klara apitishe trekta kifuani kwa baba yako?"

Akaenda akanawa mikono. Akarudi, akasimama, akaenda tena akanawa, kama mtu aliyesahau kwamba amenawa. Halafu akaninyooshea mkono wa kulia.

"Wa kushoto," nikamwambia. "Serikali inataka wa kushoto."

"Mama, kuna jambo."

"Bonyeza kwanza. Jambo litasubiri."

"Mama..."

Nikamshika mkono wa kushoto mwenyewe. Nikalichovya dole lake kwenye wino, nikalibonyeza. La Yasinta nililisimamisha wima. La mwenye gari nikalilaza ubavu. La muuza kuku nikalizungusha kidogo, kama ninayebandua chapati. Mara tisa. Nilikuwa nacheka peke yangu. Majina ni ya kweli, pesa ni ya kweli, nikasema, dole tu ndilo la kuazima, na Mungu hawezi kuniunguza kwa dole la kuazima.

Nilipoinua macho, Evodia alikuwa anatokwa na machozi. Nikadhani ni moshi.

Nilipofika nje ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimewasha moto. Nikalikumbuka hilo, nikaliacha lipite.

Siku ya kukadiria gharama tulikwenda Evodia na mimi. Hakutaka kuja. Nilimwambia ni lazima aje, siku ya kushinda mara ya pili mtu haendi peke yake.

Lazaro alikuwa ameshafika na wakili wake kijana. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia.

"Mwone fisi," nikamnong'oneza Evodia, kwa mnong'ono wa kusikika. "Siku hizi anakula mifupa tu."

Lazaro alinisikia. Akainuka kidogo, akasema, "Umeamkaje, shemeji." Nikamgeuzia mgongo. Evodia hakucheka.

Mwenyekiti wa Baraza ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Akamwita Bwana Noel kwanza.

"Ulilipwa kiasi gani na Bibi Agripina?"

"Laki nane, Mheshimiwa. Mkononi." Akakohoa. "Na kuku mmoja."

"Kuku hayumo kwenye mchanganuo."

"Huyo alikuwa zawadi, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaandika, akasema, "Laki nane za mtaalamu nazikubali." Nikambonyeza Evodia mbavu. Nusu ya shamba imerudi, nikajisemea.

Zikaja karatasi tisa.

Wakili wa Lazaro akasimama. "Mheshimiwa, watu hawa hatuwajui. Leo hayupo hata mmoja. Lakini mtaalamu yupo, na aliyemlipa ni bibi mwenyewe. Naomba atazame madole haya."

Mwenyekiti akanitazama. "Una pingamizi, bibi?"

Ningesema nini? Nikamtazama Bwana Noel, nikajipa moyo. Amekula kuku wangu sita, nikasema. Atatazama kwa jicho la aliyeshiba.

Akatoa kile kioo chake cha kukuzia. Akatazama ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya nne akatabasamu, akaniangalia kama mjukuu aliyemfuma bibi yake analamba sukari.

"Mheshimiwa, madole haya tisa ni dole moja."

Baraza likavunjika kwa kicheko. Hata Mwenyekiti alishika miwani.

"Bibi Agripina?"

Nikasimama. Nilikuwa na aibu, lakini aibu ninayoiweza. "Mheshimiwa, pesa walipokea wote tisa, waite uwaulize. Dole ndilo walilokataa. Bwana Noel aliwatisha, wanaona kama ni mganga. Nimekosa. Nipunguzie hizo laki saba, unibakizie hizo laki nane."

"Unajua kwamba kuleta karatasi za namna hii ni kosa la jinai?"

"Nimejua sasa hivi."

Wakacheka tena. Wangeniambia niondoke wakati ule, ningeondoka. Laki saba ningezitafuta kwa kuuza mabati ya nyumba.

Lakini Bwana Noel hakukaa. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Alikuwa amerudisha kioo kwenye karatasi ya tano, ile niliyoibonyeza vizuri kuliko zote. Akaitazama kwa muda mrefu. Akafungua mkoba, akatoa ile picha kubwa aliyoitumia kwenye shauri, ya lile dole la kwenye karatasi ya mauziano.

Siku ya shauri niliitazama picha ile nikaona matuta tu, kama shamba la viazi vitamu, na kinjia cheupe kimelikata mshazari. Niliifurahia njia ile. Ndiyo iliyonipa ushindi.

Sasa akaiweka karatasi yangu kando yake. Matuta yale yale. Njia ile ile.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "aliyebonyeza karatasi hizi tisa ndiye aliyebonyeza karatasi ya mauziano."

Hakuna aliyecheka.

Wakili akaruka juu. "Mheshimiwa, tangu siku ya kwanza mteja wangu alisema karatasi iliingia wodini mikononi mwa..."

"Kaa chini," Mwenyekiti akamkata. "Nitauliza mwenyewe."

Nikageuka. Evodia alikuwa ameuviringisha mkono wa kushoto ndani ya khanga, hivyo hivyo alivyokuwa akiuficha nilipotaka kumchapa utotoni.

Msiniulize ni kwa nini sikuliona kovu lile. Nimeliona kila siku kwa miaka thelathini, likimenya, likiosha, likininyooshea sahani. Nilikuwa nimeshaacha kuliona.

Nikakumbuka wodi. Miezi miwili Filipo alilala pale. Dawa zilikuja. Damu ikaja. Upasuaji ukalipiwa siku hiyo hiyo ulipotakiwa. Nikamuuliza Evodia, mwanangu, pesa hizi unazitoa wapi? Akasema, vikoba, mama, wamama wenzangu wamenichangia. Na mimi nikawaombea wamama wale kila jioni, wote, mmoja mmoja kwa jina.

Wamama wale walikuwa milioni mbili za Lazaro.

Lazaro alilipa kweli. Filipo mwenyewe alikuwa amelala hajijui, hawezi kubonyeza kitu. Binti yangu akabonyeza kwa niaba yake ili baba yake apate miezi miwili. Shamba lile Filipo alilila mwenyewe, tone kwa tone, kwa mpira wa dripu, na mimi nimekaa kando ya kitanda namfukuzia nzi.

Na huyo niliyemwita fisi wiki sita aliibiwa pesa, akanyang'anywa shamba, na leo nilikuja kumdai gharama.

"Mheshimiwa," nikasema, "nafuta madai yangu. Sitaki laki saba. Sitaki laki nane. Sitaki hata nauli ya kurudi."

"Hayafutiki hivyo, bibi. Sasa si suala la gharama tena. Dole hili ni la nani?"

Mdomo wangu mnaujua. Haujawahi kukosa neno, hata kwenye misiba.

"Ni langu," nikasema.

Bwana Noel akatikisa kichwa, kwa huruma, naapa ilikuwa huruma. "Lako ninalo hapa, bibi. Lako halina kovu."

"Nakuuliza mara ya mwisho," Mwenyekiti akasema, "kabla sijawaita polisi. La nani?"

Nikisema, shamba litakwenda linakokwenda na mwanangu anakwenda gerezani, kwa kughushi na kwa kiapo cha uongo. Nisiposema, nakwenda mimi, na naye hataniacha niende, namjua.

Ndipo Lazaro akasimama. Wakili akamvuta koti, hakukaa. Alikuwa anaitazama ile picha kubwa mezani.

"Mheshimiwa, mimi nalijua hilo kovu," akasema. "Siku ya shauri sikuitazama hiyo picha, nilikuwa na hasira. Leo nimeitazama. Tulikuwa tunavuna uwele. Mtoto wa miaka tisa akajikata kwa mundu. Nilimfunga dole kwa shati langu, nikampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Damu ilinilowanisha mgongo mzima. Njia nzima alikuwa ananiuliza, baba mdogo, nitakufa?"

"Mtoto wa nani?" Mwenyekiti akauliza.

Lazaro akanigeukia mimi. Uso wake haukuwa na ushindi wowote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Shemeji," akasema, "utasema wewe, au niseme mimi?"

Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, hata leo ninapoandika sijui. Maana kabla neno halijatoka, mkono ulinishika begani kutoka nyuma. Wa kushoto.

"Mama," Evodia akasema. "Lile jambo."